Machozi ya Toba kwa Kwaya ya Kilolo

Jumatatu, 3 Machi. Mbalizi.
Nimepata msukumo! Sijaiba. Nasisitiza hata humu, ambamo hakuna anayesoma. Jana Iringa, kwenye maonyesho ya mchoraji Rozalia Kalinga, niliganda mbele ya picha moja: miti ya kijani imesimama wima, vichwa vimekatwa mshazari, inadondosha matone. Machozi ya toba! Nikaipiga picha kwa simu, jasho likinitoka. Pembeni kulikuwa na karatasi ya maelezo. Sikuisoma. Ukishasoma maelezo ya mtu, huo si msukumo tena, ni kuiga.

Kwaya ya Kilutheri ya Kilolo inataka sare za batiki na vikombe vya udongo kwa jubilei yao. Wasipozipenda, mke wangu Tumpe ameshasema: karakana inafungwa, naenda Chimala kumbebea kaka yake magunia ya mpunga. Shemeji Anania huniita "msanii" huku anacheka. Ee Mungu, si Chimala!

Jumamosi, 15 Machi.
Batiki zimetoka. Nta imeniunguza mkono, lakini matone yamekaa! Vikombe navyo vimeiva, vichache tu vimepasuka. Juu ya kila mti nimeongeza msalaba, ili mchoro uwe wangu kabisa. Ombeni, mfinyanzi mwenzangu, mtu wa Njombe, alichungulia akauliza ni mchoro wa nini. Nikamjibu ni siri ya kiroho. Akacheka mpaka akashika ukuta. Wivu tu.

Jumanne, 18 Machi.
Nimekwisha! Mama Veneranda, mwenyekiti wa kwaya, kapiga simu. Mgeni wa heshima wa jubilei ni Rozalia Kalinga. Kumbe ni binti wa hapohapo Kilolo! Nikakaa chini, juu ya udongo mbichi. Nikamwambia Tumpe nina malaria. Akaleta kipimo kutoka duka la dawa. Sina malaria.

Jumapili, 23 Machi.
Aibu gani hii! Mama Veneranda alifungua furushi mbele ya kanisa zima. Halafu mzee mmoja kule nyuma akaangua kicheko, na kanisa likafuata, mpaka mpiga kinanda. Nikasimama nikaeleza kuhusu machozi ya toba. Wakazidi! Rozalia ndiye aliyenihurumia. Akaniuliza taratibu, kaka, kwani kwenu Mbeya hamgemi ulanzi? Ile ni mianzi iliyokatwa ncha, inadondosha pombe. Ningemuuliza tu kule Iringa, angeniambia bure.

Na mimi nimeiwekea misalaba! Kwaresma hii! Mchungaji alikuwa ameshashika kikombe. Akakirudisha mezani polepole. Mama Veneranda akasema asante mwanangu, kwaya itavaa sare za zamani. Njia nzima Tumpe alikuwa akihesabu nauli yangu ya Chimala. Afadhali angefoka.

Jumatano, 26 Machi. Chimala.
Bega limevimba. Shemeji Anania kawasimulia wapakiaji wote. Nililia kidogo nyuma ya mashine ya kukoboa, nikasingizia pumba.

Lakini! Mchana nimeona kwenye simu picha mpya ya Rozalia. Pipa jeusi juu ya moto, mrija mrefu unapita ndani ya maji, mwishoni chupa inapokea tone moja, safi kama machozi ya malaika. Roho ikivuka majaribu na kutakasika! Nimeshawapigia akina mama Wakatoliki wa Iringa. Wamefurahi mno. Wanataka kitambaa cha altare.