Barua Kumi na Moja za Seneta Crewdson

Dorsey Wilhoit aliingia jikoni kwa Bi Ottilie Ragsdale kuuza dawa ya mchwa, ambayo ilikuwa unga wa mahindi uliotiwa chumvi, akakuta paka amelalia utajiri.

Chini ya paka palikuwa na boksi la viatu, na ndani yake barua kumi na moja za mkono wa Seneta Lysander Crewdson, za mwaka 1841. Kila mji wa upande ule wa jimbo la Tennessee unadai Seneta alilala kwao. Ukiwasikiliza wote, marehemu hakulala kwake hata siku moja.

Dorsey akashusha sauti ya daktari. Alisema karatasi hizo zina wadudu, wakimaliza wino huhamia kwenye nguzo za nyumba, na yeye yu tayari kuzibeba akazichome. Mjane alishtuka inavyompasa mjane. Ila alisema ni kumbukumbu ya marehemu mumewe, hazitoki bure. Goti linamuuma na kanisa liko mbali; gari lingemfaa. Nusu saa baadaye Dorsey alipanda basi na boksi mapajani, gari lake na kadi ya gari vimebaki kwa Bi Ottilie. Alimwonea huruma mpaka akacheka.

Tajiri mmoja wa Nashville alikuwa tayari kuzinunua kwa bei ya nyumba. Lakini barua za kughushi za Seneta zilikuwa zimejaa mjini, tatu zikiwa kazi ya Dorsey mwenyewe, kwa hiyo tajiri alitaka mhuri wa akina mama wa Chama cha Historia. Bila mhuri, Dorsey alikuwa amebadilisha gari kwa kitanda cha paka.

Akina mama walikutana Alhamisi adhuhuri, chumba cha chini cha kanisa, kila mmoja na chakula chake. Dorsey alikwenda na tai nyeusi, akajitambulisha kuwa kitukuu wa Seneta.

"Hela sizitaki," alisema, mkono kifuani. "Nataka babu yangu atambulike tu."

Mwenyekiti, Bi Maurine Stegall, alifuta jicho moja. Akavaa miwani, akasoma barua zote, polepole, kuku wa watu wakipoa.

"Ni mkono wake," alisema. "Tia sahihi hapa mwanangu, nikupigie mhuri."

Dorsey, aliyewahi kuwasainisha watu wa nusu ya jimbo bila wao kusoma, alitia sahihi kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na paja la kuku. Bi Maurine akagonga mhuri, akafungia barua kabatini, ufunguo akautia kifuani, mahali ambapo hata polisi angeomba radhi kwanza.

"Mama, barua zangu."

"Zilikuwa zako. Umezitoa zawadi kwa chama. Soma."

Akasoma. Mistari mitatu, na maandishi makubwa tu. Akina mama walipiga makofi. Mchungaji wa kanisa alikwisha kuanza kumwombea.

Dorsey alifungua kinywa aseme kwamba alizilipia kwa gari lake, akakumbuka kwamba yeye ni kitukuu. Wakati huo mtu akamwekea pai mbele. Kwenye ukingo wa bakuli palibandikwa jina la mwenyewe, kama akina mama wa pale wanavyofanya mabakuli yasipotee: Ragsdale.

Akainua macho. Bi Ottilie alikuwa akivuta kiti, funguo za gari zikining'inia kidoleni.

"Wadudu hawajambo?" aliuliza.

Dorsey akamnong'oneza, alijuaje kwamba atazileta hapa.

"Ungezipeleka wapi bila mhuri wa Maurine? Marehemu mume wangu aliusia zije huku. Mimi nilikosa usafiri tu wa kuzileta." Akamkatia kipande kikubwa. "Kula, mwanangu. Nitakufikisha kituo cha basi."

Alimfikisha kweli. Nje, Dorsey alizunguka upande wa abiria, kwa mara ya kwanza tangu anunue gari lile.

"Mlango huo ubamize," alisema Bi Ottilie.

"Najua," alisema Dorsey.