Bibi Awe Mzima Kabla ya Caacupé

Jumatatu, 2 Desemba

Nimepata kazi! Daktari Ocampos amemwongezea Bibi Eulogia dawa ya tezi ya shingo, na anataka apimwe mapigo ya moyo na joto la mwili kila asubuhi mpaka Ijumaa. Yakitulia, bibi ataruhusiwa kwenda kwa miguu hadi mji wa Caacupé, kwenye sikukuu ya Bikira ya tarehe nane, nami nimshike mkono. Mapigo yakipita mia, tumrudishe siku hiyohiyo.

Bibi hajawahi kukosa. Nilizaliwa kabla ya miezi kutimia, nikiwa kama kifaranga kilichonyeshewa. Akaweka nadhiri: nikipona, atatembea huko kila mwaka mpaka miguu ikatae. Miguu haijakataa. Inayoleta ubishi ni tezi.

Binamu yangu Nimia aliitaka kazi hii, kwa sababu ana saa yenye mshale wa sekunde. Bibi akanichagua mimi. Saa nimeazima kwa Nimia. Alinipa kwa ncha za vidole.

Jumanne, 3 Desemba

Balaa! Joto 38.4! Bibi alikuwa jikoni na yerba yake ya moto, majani ya kunywa kama chai, akiivuta kwa bomba kutoka kwenye kibuyu kama kila alfajiri. Nikampokonya kibuyu, nikamtia kipimajoto mdomoni. Nilimwuliza anajisikiaje. Akasema anajisikia kama mwanamke aliyenyang'anywa yerba. Mapigo 90. Si mabaya. Lakini homa!

Adhuhuri nikampima tena barazani, akinywa tereré, yerba ileile kwa maji ya barafu. 34.8! Bibi anapoa! Nikamfunika blanketi la sufu. Desemba, jua la kupasua kichwa. Akavumilia kidogo, kisha akaniambia kama nina haraka ya kumzika nimwachie kwanza anywe.

Jumatano, 4 Desemba

Nimepata ufumbuzi. Wastani! Tulifundishwa vizuri sana. Namba ni zilezile za jana: joto la asubuhi, jumlisha na la adhuhuri, gawa kwa mbili. 36.6. Bibi mzima kabisa.

Mapigo tu ndiyo hayataki hesabu. 104. Nimia anasema mshipa wa shingo wa bibi unaruka na mikono inatetemeka. Nikamjibu kwamba hata mimi hutetemeka yeye akinikodolea macho. Akaniita daktari wa kuku.

Nimeficha betri za redio, maana mpira humpandisha bibi mapigo. Kisha nikampima katikati ya rozari. 98! Nimeandika hiyo. Ile ya kwanza ilikuwa ya majaribio.

Alhamisi, 5 Desemba

Rozari imeshindwa. 112. Bibi amemwaga yerba mezani. Yeye, ambaye hamwagi tone! Daktari alisema tusisubiri yakipita mia. Najua alisema. Nilikuwapo.

Lakini ni kesho tu. Akipumzika leo, huenda yakashuka yenyewe.

Bibi akaniuliza nimepata ngapi. Nikasema themanini na sita. Akanitazama mpaka nikaangalia sakafu.

"Afadhali, Zuni," akasema. "Basi huu moyo unaodunda masikioni mwangu ni wa jirani."

Nikaenda kukaa uani na kuku. Angalau wao hawana tezi.

Ijumaa, 6 Desemba

Jana sikumaliza. Jioni bibi alivaa viatu vya safari, ajaribu kufika kanisani. Hakufika. Aliketi kwenye kijiukuta cha njiani, mkono kifuani, midomo imekauka. Nikashika kifundo chake. Nikapotewa na hesabu. Nikaanza upya, ikapotea tena. Nikampigia Nimia kelele aje. Yeye hakupotewa: 126. Hakuniita daktari wa kuku, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Usiku huohuo, kwenye kituo cha afya, Daktari Ocampos aliomba namba. Nikampa wastani. Akauliza nimeupataje. Nikaeleza: asubuhi yerba ya moto, adhuhuri tereré, gawa kwa mbili. Nimia akaficha uso.

"Mwanangu," akasema daktari, "hilo ni joto la yerba. La bibi yako bado hatulijui."

Ndipo nikatoa mapigo yote, hata ile themanini na sita ya uongo. Akamtoa bibi damu ya kupima, akasimamisha kidonge, akampa dawa ya kutuliza moyo, akamlaza. Alisema dozi imemzidi. Alisema ningenyamaza mpaka safari, bibi angeanguka barabarani. Hakunikaripia. Heri angenikaripia.

Caacupé hakuna. Bibi aligeukia ukutani.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimia ameondoka na wengine kwenda Caacupé, kashika bendera ya buluu. Bibi amerudi nyumbani, na dozi ndogo. Kabla ya hapo nilimpima kulekule kituoni, kitandani, hajainuka, hajanywa kitu, daktari akinisimamia. Joto 36.7, la kwake mwenyewe. Mapigo 94. Bibi akauliza kama moyo umerudi au bado uko kwa jirani. Nikasema umerudi. Akanishika mkono, hakuuachia upesi.

Daktari amesema Bikira hana haraka. Sikukuu hurudiwa tarehe kumi na tano, na tunaweza kwenda kwa basi, ikiwa Ijumaa mapigo yatakuwa chini ya tisini. Bibi amekubali basi. Ameninong'oneza kwamba atashuka vituo viwili kabla, amalizie kwa miguu.

Chini ya tisini! Nimekaa nikatafakari kosa langu kwa makini, kama tulivyofundishwa. Barafu ikiingia mdomoni, kipimajoto hushuka. Hilo sasa ni hakika. Basi kosa langu lilikuwa moja tu: barafu niliipeleka mdomoni, na mapigo yapo mkononi.

Nimeshaweka chupa mbili za maji zigande. Nimia asiambiwe.