Mgiriki wa Ruhuwiko

Jumatatu, 7 Julai 2025
Baridi kali. Nimevaa masweta mawili. Lakini nimepata silaha! Kwenye maktaba ya misheni Peramiho nimeazima kitabu cha mama mmoja Mwingereza wa karne ya kumi na tisa. Alikuwa mtunzi wa riwaya; uzeeni akaandika insha za kuchambua tabia za watu, akajificha nyuma ya jina la mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Mgiriki mwenyewe alishawachambua wenzake zamani: bahili, mbea, mwoga. Watu walicheka, hakuna aliyetajwa. Werevu ulioje! Jumamosi jumuiya yetu ya kanisa hapa Ruhuwiko inachagua mwenyekiti. Mpinzani wangu ni Otto, seremala, anayejiona sana. Nitammaliza kwa insha.

Jumanne, 8 Julai
Insha imekamilika: "Mpenda Sifa". Mhusika wangu huanza kila sentensi na "mimi". Husahihisha Kiswahili cha watu hata msibani. Paskalina, mke wangu, ameisoma na kucheka mpaka makande yakaungua. Nikamwuliza kama amemtambua mhusika. Akasema tangu mstari wa kwanza. Mke mwenye akili!

Jumatano, 9 Julai
Nimeituma kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, kwa laini mpya, kwa jina lilelile la yule mwanafalsafa Mgiriki. Jina refu! Mama Skolastika, katibu wetu, ameuliza kama ni dawa ya minyoo. Vicheko hadi usiku. Otto hajajibu. Imemchoma!

Alhamisi, 10 Julai
Sijaelewa. Nimemwamkia Mama Skolastika sokoni, akanishika mkono kwa huruma.
"Marahaba. Pole, Mwalimu Valence. Aliyekuandika hana utu. Ila na wewe punguza kidogo."
Nipunguze nini? Akanikumbusha msiba wa mzee Bartholomeo. Kweli, nilisimamisha wasifu ukisomwa. Lakini marehemu alistahili ngeli sahihi!

Ijumaa, 11 Julai
Otto amekuja nyumbani. Ameleta kigoda alichochonga mwenyewe, cha kunifariji. Ameapa kumtafuta mwandishi huyo na kunitetea mbele ya jumuiya nzima. Nimeona haya. Nilimmiminia chai yeye kwanza. Baadaye nilijimiminia.

Jumamosi, 12 Julai
Uchaguzi. Otto akaanza kunitetea kwa machozi. Sikuvumilia! Nikasimama: "Mimi ndiye mwandishi!" Nilitaka kuendelea kwamba Mpenda Sifa ni yeye, lakini makofi yakanizima. Otto akanikumbatia. Alisema anayejianika hadharani hivyo ni mnyenyekevu wa kweli. Mama Skolastika alifuta macho. Kura zote ila yangu, hata ya Paskalina, zikaenda kwa Otto. Nikateuliwa kusimamia usafi wa viti. Paskalina alinishika mkono njia nzima akicheka, nami nikajikuta nacheka pia, bila kujua tunacheka nini.

Jumapili, 13 Julai
Nimetafakari baada ya misa. Kosa nimeliona: insha yangu ilikuwa ya kina mno kwa wasomaji wa hapa. Mtu anasoma habari zake, anadhani ni za jirani! Hiyo nayo ni tabia ya kuchambuliwa. Nimeanza insha mpya: "Mtu Asiyejitambua". Mifano ninayo tele. Nimemwomba Paskalina anitajie mmoja zaidi. Amenitazama kuanzia unyayo hadi utosi, kisha akaenda kuanua nguo.
Hana jicho la mwandishi.