Mkalimani wa Sinema ya Matuta

Jumatatu, 2 Agosti 1954

Pa. Pa. Pa. Pa. Mlio wa mkia wa filamu ukipiga mashine wakati picha zimekwisha. Niliusikia mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na mmoja, uwanja wa soko, hapa hapa Mlalo. Sasa nina ishirini na mbili, nafundisha darasa la tatu, na bado haujanitoka kichwani. Wenzangu wanakumbuka picha. Mimi nakumbuka kwisha kwake. Nadhani ni dalili ya akili nyingi.

Gari la sinema linakuja Alhamisi! Mika, dereva wake, ametangulia leo kwa basi kukagua uwanja. Anasema ofisi ya Dar es Salaam inatafuta mkalimani wa kudumu wa kuzunguka na gari: Korogwe, Handeni, Same, kote. Yeye atapeleka ripoti ya mtu aliyefaa. Kiti cha mbele, kando ya dereva! Nakitaka kiti kile kuliko ninavyotaka kuolewa. Nimemwambia hivyo Shangazi Rahabu. Amejibu kwamba hajaja mtu kunioa, kwa hiyo ulinganisho wangu hauna uzito.

Kizuizi: Hezekia, karani wa ofisi ya kilimo. Ndiye mkalimani siku zote. Hutafsiri kama mtu anayesoma maandishi ya gunia la simenti.

Jumanne, 3 Agosti

Nimeugundua udhaifu wa Hezekia. Ni kupenda sifa. Anaimba besi katika kwaya. Nimemwambia besi yake ndiyo nguzo ya kanisa letu, ila haifiki viti vya nyuma. Akasema itafika. Nikaenda kukaa viti vya nyuma. Nikasema bado.

Jumatano, 4 Agosti

Bado. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni mwa kanisa, baridi ya kukata masikio, na Hezekia ameimba nyimbo kumi na nne mdomo wazi. Jioni amenisalimia kwa kichwa tu. Sauti imekwisha kabisa! Nilijisikia vibaya kutoka kanisani hadi njia panda.

Alhamisi, 5 Agosti

USHINDI. Mika alikuwa hana mkalimani. Mimi, kwa bahati tu, nilikuwa nimeegemea gari lake, kamusi mkononi.

Filamu yenyewe: matuta! Kati ya mambo yote ya duniani! Watu wa huku wamechoka na amri za serikali za kulima matuta, migongo inawauma, halafu jioni waonyeshwe matuta tena. Ilipigwa mwaka jana huku huku kwetu. Mtu mmoja analima matuta kwenye mteremko. Basi. Dakika ya kwanza nilitafsiri kwa uaminifu, Kiingereza kwenda Kishambaa. Watu wakaanza kuinuka. Kina mama wakajifunga khanga vizuri tayari kwa safari. Ripoti yangu ilikuwa inarudi nyumbani kwa miguu!

Nikasema kwenye kipaza sauti kwamba mtu huyu analia moyoni. Kuna binti ng'ambo ya bonde amemwambia atamkubali siku matuta yatakapofika mlangoni kwa mama yake. Watu wakakaa. Akapita mwanamke na mtungi. Nikasema ndiye huyo. Vigelegele! Bwana Shamba alipompa mlimaji mkono, nikamfanya mjomba wa binti, amekubali mahari. Mjomba ni Mzungu. Hakuna aliyejali. Mama mmoja alilia. Mika aliandika kitu katika daftari lake, anatabasamu.

Ijumaa, 6 Agosti

Janga. Mlimaji anajulikana! Anaitwa Sefania, anakaa kilima cha pili, mzee wa kanisa, watoto wanane. Mkewe, Mama Timotheo, alikuwepo jana. Saa moja asubuhi alikuwa mlangoni. Nikampa shikamoo. Aliitikia marahaba kama anameza jiwe. Akataka kujua mwenye mtungi ni mtoto wa nani. Sefania alimwambia picha ni ya jembe tu, kumbe siku tatu zile za kupigwa picha alilima na koti la harusi! Sasa analala zizini na mbuzi.

Ningeungama, ripoti ingekufa. Nikasema mimi natafsiri tu, ndivyo Kiingereza kilivyosema. Akafikiri. Akasema basi Kiingereza kitajibu chenyewe. Akashika njia ya ofisi ya kilimo. Kwa Hezekia!

Jumamosi, 7 Agosti

Bwana Shamba ameagiza filamu irudiwe Jumatatu. Hezekia atatafsiri. Mimi nitasimama kando nisahihishwe mbele za watu. Hezekia mwenyewe amekuja kunipa habari, kwa kunong'ona. Hasira ya kunong'ona haitishi sana. Amesema, “Mwalimu Yunis, umeninyang'anya sauti, ukanipa aibu.” Nikamshauri tangawizi.

Jumatatu, 9 Agosti

Uwanja ulifurika mara mbili ya Alhamisi. Hezekia, sauti ya bawaba yenye kutu: huyu ni mkulima, haya ni matuta, yanazuia udongo. Kelele! Mwongo huyo! Mjomba yuko wapi? Mzee mmoja alimwuliza kwa upole Kiingereza chake alikisomea wapi.

Mama Timotheo akasimama. “Kama ni jembe tu, mbona anatabasamu? Nani hapa amewahi kutabasamu kwenye matuta?”

Uwanja mzima ukakubali kwamba hakuna.

Sefania, maskini, nyasi za zizini bado nyweleni, akapaza sauti kwamba alitabasamu kwa sababu Wazungu wa picha walikuwa wamempa nusu ratili ya sukari.

Mama Timotheo akamgeukia.

“Sukari ipi, Baba Timotheo?”

Hakuna aliyeitazama filamu tena. Habari ya mwenye mtungi ilikufa pale pale. Sukari! Nusu ratili, watoto wanane, na aliimaliza peke yake kichakani! Leo hata mbuzi hawatampokea.

Baadaye nilimwuliza Mika, kwa unyenyekevu, habari ya ripoti. Amekwisha kuandika: watazamaji wengi mno, mkalimani wa kuaminika ni Hezekia. Nikasema nimefurahi kwa ajili yake. Nikazunguka nyuma ya gari nikapiga tairi teke. Matairi ya serikali ni magumu.

Jumatano, 11 Agosti

Nimejichunguza siku nzima. Darasa la tatu wamejifundisha wenyewe. Fundisho: mtu asitie lake katika maneno ya mwenzake. Nimeliandika kwa wino mwekundu.

Alasiri akaja Hezekia. Dar es Salaam wanataka barua ya maombi kwa Kiingereza safi, na chake ni cha kujaza fomu tu. Amesema amenisamehe. Alisema yake kwa Kiswahili, mimi nikaandika: afya njema, haogopi safari. Nilitumia maneno marefu kuliko yote kwenye kamusi. Aliisoma polepole, akaitikia kwa kichwa mara mbili, akasifu mwandiko, akatia sahihi.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimeamua ni haki Dar es Salaam wajue kwamba kifua cha Hezekia hakiwezi vumbi wala ukungu, kwamba garini hutapika kabla ya kona ya pili ya kushuka Mombo, na kwamba yeye mwenyewe, kwa moyo mkunjufu, anampendekeza mwalimu mmoja wa kike wa darasa la tatu. Ndiyo maana ya maneno marefu aliyoyatia sahihi. Barua imeondoka na basi la saa mbili. Stempu nimenunua mimi.