Asilimia Kumi ya Argonafti

Jumatatu, 2 Mei 2016

Leo nimenunua klabu ya mpira. Si yote. Asilimia kumi. Hata hivyo!

Muuzaji ni Bwana Thanasis, Mgiriki mwenye duka la samaki hapa ughaibuni, mtaani kwetu Merrylands. Anasema klabu hiyo, Argonafti, ni yake, alirithi kwa marehemu babake aliyeianzisha. Shemeji yake Stelios, anayejiita mwenyekiti, ni mvamizi tu. Nimelipa dola elfu sita taslimu. Nimepewa karatasi yenye muhuri wa bluu. Miaka mitatu nimewapakia mistari ya chokaa uwanjani kila Jumamosi, bure. Sasa napaka mistari yangu!

Pesa zilikuwa za tiketi ya mama mkwe. Anakuja kutoka Machakos mwezi wa saba, mke wangu Mbula akijifungua. Zitakuwa zimerudi kitambo, na faida juu. Mbula hajui. Mjamzito hasumbuliwi na mambo ya bodi.

Jumatano, 4 Mei

Nimemwambia Melchior. Nilishindwa kujizuia. Melchior ni Mrundi, mwenzangu wa kwaya kule Blacktown, na ndiye anayechoma mishikaki langoni siku za mechi. Nikamwambia kwamba mimi kama mmiliki nitaangalia upya suala la jiko lake.

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatoa karatasi mfukoni. Asilimia kumi! Amenunua kwa Stelios! Muhuri wake mwekundu.

Nimemweleza kwa upole kwamba muhuri mwekundu hauna maana yoyote kisheria. Akaniuliza nimesomea wapi sheria. Mazoezi ya kwaya yalikwenda vibaya. Aliimba besi yake kwa kunikomoa.

Jumamosi, 7 Mei

Sijawahi kuona. Thanasis alifika uwanjani na kufuli lake, akafunga lango. Stelios akafika na lake, akafunga juu ya lile. Refa nje. Wageni nje. Mimi nje na ndoo ya chokaa!

Wachezaji wakaruka ua. Kipa wetu akachanika kaptura, akacheza dakika tisini huku akijishika nyuma kwa mkono mmoja. Tumefungwa manne.

Baada ya mechi vijana wakagoma kuoga. Wiki saba hawajalipwa! Nikaona Melchior anasogea kuwatuliza, eti yeye ni mmiliki. Nikamtangulia. Nikatangaza kwamba mshahara unatoka Jumatatu, nikagawa na namba yangu ya simu.

Kwa nini nilisema Jumatatu?

Jumatatu, 9 Mei

Simu thelathini na moja. Nikaizima. Kumbe kipa alikuwa na namba ya Mbula. Akampigia akiwa kazini wodini, akamwita mke wa mwenye timu, akamwomba kaptura.

Nilipofika nyumbani alikuwa amekaa kitandani na sare zake za unesi.

"Owuor, timu gani?"

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, nadhani.

"Pesa za mama ziko wapi?"

"Zinafanya kazi."

"Kazi gani?"

"Beki wa kushoto," nikasema. Nilidhani atacheka.

Hakucheka. Hakupiga kelele pia. Aliweka mkono tumboni akatazama ukuta, kisha akasema mtoto huyu atamzaa bila mamake karibu, kama mtu asiye na kwao. Ningependa angepiga kelele.

Jumatano, 11 Mei

Mkutano wa wamiliki, ukumbi wa Wagiriki. Nilitarajia watu wanne. Tulikuwa kumi na tisa! Hata Mama Chibalonza, mwalimu wetu wa kwaya, alikuwepo na karatasi yake. Hakunitazama.

Mwanasheria aliyeitwa na wanachama akajumlisha asilimia zetu. Mia moja na tisini. Akajumlisha tena. Mia moja na tisini.

Halafu akatupiga na lingine. Klabu haina mwenyewe. Ni chama cha wanachama, na chama hakiuzwi. Uwanja ni wa manispaa. Mipira imekopwa dukani. Kitu pekee ambacho klabu inacho ni deni la dola elfu kumi na nane. Pesa zetu Thanasis na Stelios wamezimaliza kulipia umeme na basi, kila mmoja akitaka aonekane ndiye anayeibeba klabu ya mzee. Wakaanza kulia. Wakakumbatiana! Melchior naye akalia. Mimi nilikuwa na vumbi machoni.

Ijumaa, 13 Mei

Mbula alitoka shifti akaenda moja kwa moja kwenye duka la samaki. Akaketi kwenye kiti cha wateja na tumbo lake la miezi saba. Hakuagiza kitu. Saa tatu nzima.

Hatimaye akatoka Bibi Evdokia, mamake Thanasis, akauliza huyu binti anangoja nini. Mbula akamwambia, "Namngoja mama yangu."

Yule bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwita mwanawe kutoka jikoni, akamsema Kigiriki mbele ya foleni nzima. Kisha akaenda chumbani kwake, akarudi na bahasha. Elfu sita kamili! Mbula amenunua tiketi palepale kwa simu. Nimeomba msamaha kwa magoti. Nimekubaliwa kwa sharti moja: nisisaini kitu chochote tena. Nimeapa.

Jumatatu, 16 Mei

Stelios amenipigia mchana. Mtu muungwana sana, tulimhukumu vibaya. Amenieleza jambo ambalo mwanasheria alilificha: asilimia ni upuuzi, katika biashara mwenye deni ndiye mwenye klabu. Na deni bado halina mtu! Alitaka kumpa Melchior, ila akanifikiria mimi kwanza.

Nimesaini saa nane na robo. Dola elfu kumi na nane, lote, kwa jina langu peke yangu. Melchior hana humo hata senti. Jumatano kwenye kwaya nitamwonyesha. Atanuna huyo!