Kidonge cha Jenerali

Jumatatu, 9 Juni

Mke wangu kaenda kumuuguza dada yake. Kaniachia nyumba, paka, na Jenerali, mbwa wetu. Amri ni mbili: Jenerali apewe kidonge chake cha mwezi cha kuzuia minyoo ya moyo, na paka atiwe matone yake ya dawa kisogoni. Kasema mbu mwaka huu wamezidi. Kasema pia nisijitie ujuaji. Mimi!

Nimeficha kidonge ndani ya pande la nyama. Jenerali kala nyama yote. Kidonge kakiacha sakafuni, kimelambwa mpaka kinang'aa. Dharau hiyo.

Jumanne, 10 Juni

Jirani yetu, fundi cherehani, kanikuta nimepiga magoti nambembeleza mbwa. Kacheka mpaka kashika ukuta. Eti wake anakaa, anafungua kinywa, anameza. Nikamjibu kwamba mbwa wake hana msimamo.

"Mimi nilipuuza vidonge, bwana," akasema. "Ikawa akipanda ngazi mbili tu, anakohoa, anaanguka."

Nakumbuka. Alikuwa akimbeba mgongoni kama mtoto, mpaka matibabu yakaisha, na hayakuisha upesi. Nimeingia ndani nikamkumbatia Jenerali. Nampenda mbwa huyu, nifiche nini? Kanipigia chafya usoni.

Basi nikawaza. Minyoo huletwa na mbu. Mbu asipomuuma, minyoo itapitia wapi? Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi sina upara!

Jumatano, 11 Juni

Jenerali na paka wamelala kitandani, ndani ya chandarua. Mimi mkekani. Mbu wamenila wakasaza. Asubuhi nikaenda kwa daktari wa mifugo na vinundu vyangu, nimweleze ugunduzi. Mama yule akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akauliza mchana Jenerali hushinda wapi. Uani, nikasema, kando ya bwawa langu la samaki. Akauliza habari za samaki. Nikasema samaki bado, ila maji yapo.

"Baba," akasema, "wewe unafuga mbu."

Akaongeza kwamba mbu mmoja mwenye vijidudu anatosha. Chandarua kizuri, lakini kinga ni kidonge. Na nisithubutu kumpa paka dawa ya mbwa. Nimetoka pale mdogo kama kidonge cha piritoni.

Alhamisi, 12 Juni

Ushindi! Jenerali ana wivu, nilisahauje? Nimemwita paka kwa sauti tamu, nikamwonyesha pande la nyama lenye kidonge. Paka hajanusa, Jenerali kalidaka, kalimeza zima. Nimecheza peke yangu jikoni.

Sasa paka kanuna. Kapanda juu ya kabati. Nikapanda kiti, kiti kikavunjika. Ilibidi nimeze kiburi nimwite fundi. Kaja na suruali yangu, ile anayoniahidi kila wiki kwamba iko tayari. Kamtumbukiza paka kwenye mguu mmoja, kichwa nje, matone yakaingia kisogoni kabla sijashusha pumzi. Suruali imebaki nyuzi. Fundi kasema niipitie wiki ijayo.

Jumamosi, 14 Juni

Mke karudi! Jenerali kazunguka ua mbio, kamrukia, wala hakohoi. Mke kacheka mpaka machozi, kanishika mkono. Raha iliyoje! Kauliza nani kanisaidia. Nikasema hakuna. Ng'ambo ya ukuta fundi akakohoa.

Kisha mke akaliona bwawa. Kaniamuru nilifukie leo leo. Nimefukia. Viganja vimetoka malengelenge, lakini hakuna tone la maji uani, na mke kanisifu mbele ya fundi. Kesho nalala mpaka mchana.

Jumapili, 15 Juni

Sikulala. Kuna mbu kama watatu bado wanazurura, na nimepata dawa yao. Bata! Bata hula mbu. Rafiki yangu ana wawili anataka kunipa bure. Hawana gharama hata kidogo, wanataka tu mahali pa kuogelea.

Mke katoka. Udongo wa jana bado laini, unachimbika vizuri sana. Jenerali ananisaidia kufukua.