Naomba Utani Uishie Mlangoni mwa Vyumba vya Kupangisha

Laurenti Banzi,
Mafisa,
Morogoro.
Novemba, 1996.

Ndugu Afisa Utamaduni,

Nimeona nikuandikie kwa sababu kila nikija ofisini kwako naambiwa umekwenda kwenye ngoma. Sikulaumu, ndiyo kazi yako. Lakini jambo langu nalo ni la utamaduni, na linaniharibia biashara.

Mimi ni mtu wa Matombo, Mluguru kwa baba na kwa mama, na nimefanya kazi kiwandani hapa mjini tangu ujana wangu. Mwaka jana kiwanda kilipata mwekezaji, mwekezaji akaona tumezidi, tukapunguzwa. Kabla ya kupewa kiinua mgongo tuliwekwa kwenye semina, na mkufunzi kutoka Dar es Salaam akatueleza kwamba zama za kusubiri mshahara zimekwisha, sasa kila mtu awe mwekezaji kwa nafasi yake. Wenzangu wakanunua redio. Mimi nikajenga vyumba vinne vya kupangisha uani kwangu: bati jipya, sakafu ya saruji, na kila mlango na namba yake kwa rangi nyekundu. Hela yote iliishia humo. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo ada ya binti yetu Jesca, ambaye Januari anaingia kidato cha tatu, na shule yake haina masihara.

Wapangaji niliwachagua kwa makini. Niliuliza kazi, nikauliza ndoa, nikauliza kama mtu anapikia mkaa au kuni. Kabila sikuuliza. Mimi ni mtoto wa enzi zile; tulifundishwa kwamba kumwuliza mtu kabila lake ni ushamba, tena ni hatari kwa taifa. Hivyo, kwa uzalendo mtupu, vyumba vitatu kati ya vinne nikawapa Wanyamwezi.

Wewe ni mtaalamu, huna haja ya kuelezwa Mnyamwezi ni nani kwa Mluguru. Lakini kwa faida ya karani wako, ambaye huenda ametoka mbali, nieleze. Ni mtani. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele ya watu na kuchukua chako mbele ya macho yako, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, unatozwa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Yakobo wa chumba namba tatu, fundi baiskeli, ndiye kiongozi wao. Mwezi wa kwanza alilipa vizuri kwa kuwa hakuwa amenijua. Mwezi wa pili alinisikia nikiongea Kiluguru na dada yangu, akatoka chumbani kashika kichwa, akitangaza kwamba kumbe muda wote huu anamlipa mtumwa wake. Tangu siku hiyo nikibisha hodi ya kodi napewa historia. Mababu zake walipita hapa na misafara ya pembe, wakawaacha mababu zangu walinde kambi mpaka watakaporudi. Sasa yeye amerudi. Anataka kujua nani aliniruhusu kujenga kambini, na kodi ya muda wote huo iko wapi.

2. Jogoo wangu alichukuliwa mchana kweupe na Felista wa chumba namba mbili, auzaye mchele wa Dakawa sokoni. Hakuiba, maana alinionyesha kwanza. Jioni nililetewa shingo na miguu, pamoja na salamu kwamba nisile kwa pupa. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Aliniuliza swali moja tu, kama huyo mama ni mtani wangu. Nikasema ndiyo, kwa kuwa mimi si mwongo. Mwenyekiti akafunga daftari na kuuliza kama paja limebaki.

3. Nilimwandikia Yakobo notisi ya kuhama, kwa taipu, na nakala. Aliisoma kwa sauti mbele ya wapangaji wote, akaisifu. Kesho yake nikaletewa notisi yangu: nihame mimi, ndani ya siku saba, kwa kosa la kuishi kambini bila kibali. Nikapuuza. Siku zilipotimia walitoa nje kitanda changu na kabati, kwa adabu kubwa, hakuna kilichovunjika. Inaniuma kusema kwamba mto wangu ulibebwa na Yustina, mke wangu wa ndoa, huku akicheka mpaka machozi. Sikuruhusiwa kurudi ndani mpaka nilipotoa kreti la soda.

Ndugu Afisa, haya semina haikuyataja. Mkufunzi alisema mwenye nyumba akimwonyesha mpangaji meno, kodi imekufa. Nimejitahidi nisicheke, na wakati mwingine imebidi nijifungie chooni. Lakini nasema kweli, nina uchungu. Kiwandani nilikuwa msimamizi wa zamu. Nikipita watu walinyamaza. Nilidhani nyumba itanirudishia heshima hiyo, na sasa nikipita ndipo kelele zinapoanza.

4. Lililo baya kupita yote ni Erick wa chumba namba nne. Huyu ametoka Mara, hana utani nami wa aina yoyote, na amekuwa akilipa kwa tarehe, hata nikawa namwombea dua. Wiki iliyopita nilimkuta kwa Yakobo, akiuliza mtu anajiungaje na utani, na kama kuna kiingilio.

Kwa hiyo naomba utani usimamishwe katika nyumba zote za kupangisha, kuanzia getini hadi chooni, barabarani waendelee. Ikishindikana, ubinafsishwe kama viwanda, apewe mwekezaji makini atakayepunguza watani waliozidi. Vilevile mwenye nyumba aruhusiwe kumwuliza mpangaji kabila, mara moja tu, kwa sauti ya chini. Na ikiwa yote hayo yamezidi uwezo wa wilaya, basi naomba mimi binafsi nihamishiwe kabila jingine, lisilo na utani na Wanyamwezi, hata kwa mkataba wa mwaka mmoja. Lugha nitajifunza. Chakula sichagui.

Nisalimie wafanyakazi wote wa ofisi yako, wacheza ngoma wako, na wote nyumbani, mkubwa kwa mdogo. Ikiwa miongoni mwao yupo Mnyamwezi, huyo mruke.

Wako katika ujenzi wa taifa na wa vyumba,

Laurenti Banzi,
Mwekezaji.

Nyongeza: Bahasha ilikuwa imekwisha kufungwa nilipopata habari kwamba mama yangu mzazi, Juliana, amefariki huko Matombo. Nilikaa kitini, nikashindwa hata kulia. Watani hawakuniuliza kitu. Yakobo alikwenda kutafuta lori. Felista alifunga biashara, akapakia gunia la mchele na masufuria. Erick naye akapanda, akisema yeye yuko katika majaribio. Barabara ya kule unaijua. Penye matope walishuka wakasukuma.

Kaburi walichimba wao. Lilipokuwa tayari, Yakobo akagoma kutoka. Alijilaza humo ndani, padri akimtazama, akatangaza kwamba chumba hiki amekipenda, hakivuji na majirani ni wapole, na akaomba aitwe mwenye nyumba wapatane kodi. Watu wote wakanigeukia. Nikamwambia miezi yote anayodaiwa nimeifuta, atoke mama apite. Nilisema hivyo nikicheka, Ndugu Afisa, na kicheko hicho ndicho kilichonifungulia machozi. Nililia nikiwa nimeshikwa na Yakobo, kajaa udongo mpaka masikioni.

Kwa hiyo barua hii iweke jaladani, usiifanyie kazi. Ada ya Jesca wameileta juzi, kila chumba na chake. Yakobo anasema ni aibu kwake kuwa na mtumwa ambaye mtoto wake hasomi. Sijamjibu, maana natafuta tusi la kumtosha. Ikiwa ofisi yako imehifadhi matusi ya zamani ya Waluguru kwa Wanyamwezi, naomba unitumie haraka.